Soda ya mwenye chupa: historia ya Windows ya bei nafuu

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha, nina historia. Tuzungumze kuhusu sanduku lililowahi kujaa kwenye maduka ya kompyuta na ambalo vijana wengi wa leo hawajawahi kuliona: Windows ya kuboresha.

Kila Mkenya aliyewahi kutumwa dukani anajua biashara ya chupa. Ukija na chupa tupu, unalipia soda peke yake. Ukija mikono mitupu, unalipia soda pamoja na chupa, ama unainywa hapo hapo kaunta ukiwa umesimama. Mwenye duka hakupunguzii bei kwa sababu anakupenda. Anakupunguzia kwa sababu umekuja na ushahidi kwamba chupa ulishailipia siku nyingine.

Kwa zaidi ya miaka 20, Microsoft iliuza mifumo yake kwa mtindo huo huo. Kulikuwa na toleo kamili, la mtu anayeanza upya, na toleo la kuboresha, la mtu ambaye tayari ana mfumo wa zamani. Hilo la pili liliuzwa mara nyingi kwa karibu nusu ya bei. Ukishamaliza kusakinisha, Windows ilikuwa ile ile moja. Tofauti ilikuwa ni swali moja tu ambalo kisakinishi kilikuuliza njiani: chupa iko wapi?

Nataka tufuate hilo swali tangu 1991 hadi sasa. Chupa imebadilika mara nyingi, na kila ilipobadilika kuna watu waliofaidika na kuna walioachwa nje, hata kama walikuwa wamelipa.

1991: DOS inaingia dukani

Kabla ya 1991 mtu wa kawaida hakuwa na desturi ya kwenda dukani kununua MS-DOS kwenye sanduku. Microsoft iliwauzia watengenezaji wa kompyuta, nao wakaiweka kwenye mashine zao. Ulinunua mashine, DOS ikaja nayo kama magurudumu yanavyokuja na gari. Kama ulikuwa na toleo la zamani, ulibaki nalo.

Mwaka wa 1990 kampuni ya Digital Research ikatoa DR DOS 5.0. Ilikuwa na ujanja wa kuhamisha sehemu ya mfumo kwenda kumbukumbu ya juu, ili zile kilobaiti 640 maarufu zibaki na nafasi zaidi kwa programu zako. Na mtu yeyote angeweza kuinunua dukani. Hapo Microsoft ilikuwa na mamilioni ya watu wenye DOS kuukuu bila njia ya kuwauzia mpya.

Juni 1991 ikatoka MS-DOS 5.0, na iliuzwa madukani kama toleo la kuboresha. Kisakinishi chake kilianzia ndani ya DOS uliyokuwa nayo. Kiliiweka DOS ya zamani kwenye folda iliyoitwa OLD_DOS.1, na kikakutengenezea diski ya kurudia ulikotoka endapo mambo yangeharibika. (Likumbuke hilo jina la folda, tutakutana na ndugu yake mbele.)

Kwa hiyo chupa ya kwanza ilikuwa rahisi sana: kompyuta inayowaka. Kama DOS inawaka, wewe ni mteja. Hakuna aliyekuuliza risiti.

1995: tia diski ya zamani

Tarehe 24 Agosti 1995 ikaja Windows 95. Marekani bei ya kuboresha ilikuwa takriban dola 110, na toleo kamili takriban dola 210. Tofauti ya dola 100 kwa swali moja!

Ukisakinisha juu ya Windows 3.1, kila kitu kilienda sawa. Kisakinishi kiliona mafaili ya zamani, kikaridhika. Taabu ilikuwa kwa mtu aliyefuta diski kuu ili aanze na nyumba safi, jambo ambalo kila fundi atakushauri ulifanye. Kwenye diski tupu hakuna Windows 3.1 ya kuonekana. Hapo kisakinishi kilisimama na kukuomba utie flopi ya kwanza ya Windows ya zamani. Uitie, kiikague, halafu safari iendelee.

Sasa chupa imekuwa kitu cha kushika mkononi, na hilo lina uzuri wake. Unaweza kuihifadhi kabatini, hakuna mtu wa mbali wa kumwomba ruhusa. Lakini flopi ni kitu dhaifu. Joto, vumbi, unyevu na sumaku ya spika vyote ni maadui zake. Windows 95 yenyewe kwenye flopi ilikuwa diski 13, na nyingi zilipangwa kwa mpangilio maalum wa kubeba data zaidi ya kawaida, kiasi kwamba amri ya kawaida ya kunakili diski haikuziweza. Kwa hiyo uliambiwa uitunze chupa, lakini kujitengenezea chupa ya akiba hakukuwa rahisi.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawakulisoma kwenye karatasi ya leseni. Dukani, mwenye duka huchukua ile chupa tupu. Microsoft ilikuachia diski ya zamani, lakini kisheria ilikuwa imeshaichukua. Ukishaboresha, leseni ya zamani na mpya zinakuwa kitu kimoja. Huruhusiwi kuweka Windows 98 yako kwenye kompyuta ya binamu baada ya kuitumia kupata bei nafuu ya XP. Na kama hiyo 98 yenyewe ilikuwa ya kuboresha kutoka 95, na 95 ilikuwa ya kuboresha kutoka 3.1, basi ulitakiwa kuimiliki minyororo yote mpaka mwanzo. Chupa ndani ya chupa ndani ya chupa.

2001: CD, na karani mtandaoni

Windows XP ilitoka 25 Oktoba 2001. Home iliuzwa dola 99 kwa kuboresha na 199 kwa toleo kamili. Professional ilikuwa 199 na 299. Aliyekuwa na Windows 95 aliambiwa chupa yake imepitwa na wakati, bei nafuu ilianzia Windows 98.

Kwa fundi, hili ndilo toleo la kuboresha lililokuwa na adabu kuliko yote. Uliwasha kompyuta kwa CD ya XP, ukafuta diski kuu ukitaka, na njiani kikaomba CD ya zamani. Unatoa ya XP, unatia ya 98 au 2000, kinaitazama, kinakwambia rudisha ile ya XP. Dakika mbili tu. Nyumba safi kwa bei nafuu.

Lakini XP ilikuja na karani mpya: uidhinishaji. Ndani ya siku 30 ilibidi kompyuta iwasiliane na Microsoft kwa intaneti au kwa simu, la sivyo ingekataa kukuruhusu kuingia. Kwa mara ya kwanza, kuwa na CD na namba ya leseni hakukutosha. Ilibidi mtu wa mbali akubali.

Na miaka hiyo hiyo watengenezaji walianza kuacha kutoa CD halisi ya Windows. Ulipewa CD ya kurudisha mashine ilivyokuwa kiwandani, au sehemu iliyofichwa ndani ya diski kuu. Leseni ilikuwa halali, kibandiko chake kimebandikwa ubavuni mwa kompyuta. Lakini kisakinishi hakikujua kusoma kibandiko. Kiliomba CD. Kama Windows yako ya zamani iliishi ndani ya diski kuu, huna cha kutia mlangoni. Mtu aliyelipa kihalali kabisa anaonekana hana chupa.

Na sisi huku?

Hapa ndipo historia hii inapotugusa. Kompyuta nyingi zilizoingia Kenya miaka ile zilikuwa za mitumba kutoka Ulaya na Marekani. Zilifungua saiba, zikafungua ofisi ndogo, na kupitia mashirika kama Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa 2002, zikafika mashuleni. Mashine hufika na kibandiko, pengine kimechubuka, lakini CD ilibaki kwenye droo ya ofisi fulani ng'ambo. Mara nyingi diski kuu ilifutwa kabla ya kusafirishwa, na ni haki ifutwe, kwa sababu ina siri za mwenyewe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bei nafuu ya kuboresha ilitegemea daftari, na daftari ndilo kitu cha kwanza kupotea kompyuta inapobadilisha mikono. Mtu wa kwanza aliyeinunua mpya, mwenye kabati na risiti, ndiye aliyepata punguzo. Mtu wa tatu, mwenye pesa kidogo kuliko wote, ndiye aliyeambiwa anunue toleo kamili. Mwanzoni mwa 2007 dola 100 za tofauti zilikuwa karibu shilingi 7,000, kabla ya usafirishaji na kodi. Sisemi kwamba hii ndiyo sababu pekee ya CD za kunakili kutapakaa mjini. Lakini ukimfungia mtu mlango wa mbele ingawa ana haki ya kuingia, usishangae akizunguka nyuma.

2007: Vista yakataa chupa

Vista iliingia madukani 30 Januari 2007. Home Premium ilikuwa dola 159 kwa kuboresha na 239 kwa toleo kamili, na Ultimate 259 na 399. Zilikuwa bei kali, na Februari 2008 Microsoft ilitangaza kuzipunguza. Home Premium ya kuboresha ikashuka hadi 129.

Lakini kilichowakera mafundi si bei. Vista ya kuboresha haikutaka tena kuona CD ya zamani. Ilitaka kuona Windows ya zamani ikiwa inafanya kazi, na uanzishe usakinishaji ukiwa ndani yake. Ukiwasha kompyuta kwa DVD ya Vista kisha uandike namba yako ya kuboresha, ilikataliwa.

Fikiria maana yake. Diski kuu imekufa, umenunua mpya, una XP halali na Vista halali. Ili uirudishe Vista, kwanza uisakinishe XP yote, halafu uweke Vista juu yake. Mwenye Windows 2000 alikuwa na kichekesho chake: aliruhusiwa kununua kwa bei nafuu, hakuruhusiwa kuhamia moja kwa moja na programu zake, ilibidi asakinishe upya, lakini usakinishaji huo mpya auanzishe kutoka ndani ya ile ya zamani!

Wataalamu wakagundua mwanya katika siku za mwanzo kabisa. Vista ilikuruhusu kusakinisha bila kuandika namba yoyote, kama majaribio. Ukishaingia ndani, unaendesha kisakinishi tena kutoka humo, na sasa unaandika namba ya kuboresha. Kisakinishi kinatazama, kinaona Windows inafanya kazi (yaani Vista yenyewe, isiyolipiwa!), kinasema sawa. Vista ilikubaliwa kuwa chupa ya Vista.

Wengine waliuona huu kama wizi, wengine kama ukombozi. Mimi naona ni kosa la usanifu, na lina somo kwa kila mwandishi wa programu. Kisakinishi kilipaswa kuuliza, "Je, huyu ana leseni ya zamani?" Badala yake kiliuliza, "Je, kuna Windows hapa?" Hayo ni maswali mawili tofauti. Ukikagua kitu kisicho sahihi, unamsumbua mwaminifu na unampisha mjanja.

2009 na 2012: bei zaanguka

Windows 7 ilitoka 22 Oktoba 2009. Miezi michache kabla, kati ya 26 Juni na 11 Julai, Wamarekani waliweza kuagiza mapema Home Premium ya kuboresha kwa dola 49.99. Bei ya kawaida ya kuboresha ilikuwa 119.99. Kulikuwa pia na pakiti ya familia ya kompyuta 3 kwa 149.99.

Wenye XP, ambao ndio waliokuwa wengi, walipewa bei ya kuboresha lakini si njia ya kuhamia moja kwa moja. Ilibidi wasakinishe upya, na mafaili yao ya zamani yakasukumwa kwenye folda iliyoitwa Windows.old. Huyo ndiye ndugu wa OLD_DOS.1 niliyewaahidi.

Aliyesakinisha kwenye diski tupu aliweza kumaliza vizuri, kisha siku ya kuidhinisha akakutana na kosa 0xC004F061: namba hii ni ya kuboresha tu. Mafundi walipochimba wakakuta uamuzi wote unategemea alama moja ndani ya rejista ya Windows, iitwayo MediaBootInstall. Ikiwa 1, maana yake uliwasha kwa DVD, umekataliwa. Ikiwa 0, umekubaliwa. Dola 80 za tofauti ya bei zilikuwa zinalindwa na namba moja ambayo mwenye kompyuta anaweza kuibadilisha mwenyewe.

Windows 8 ikafuata 26 Oktoba 2012. Mpaka 31 Januari 2013 ungeweza kupakua Pro ya kuboresha kwa dola 39.99, na aliyenunua kompyuta ya Windows 7 tangu 2 Juni 2012 alilipa 14.99 tu. Baada ya tarehe hiyo Pro ikapanda hadi 199.99. Halafu Oktoba 2013 ikaja Windows 8.1, bure kwa mwenye 8, na kwa wengine ikauzwa kama toleo kamili. Sanduku la kuboresha likatoweka kimya kimya.

2015: bure, lakini chupa haiko kwako

Tarehe 29 Julai 2015 Windows 10 ilitolewa bure kwa mwaka mmoja kwa wenye 7 na 8.1 halali. Watu wakashangilia, na walikuwa na haki. Mwanzoni ilibidi uboreshe ukiwa ndani ya Windows ya zamani. Kisakinishi kikachukua alama ya vifaa vya kompyuta yako, mfano wa alama ya kidole, ikahifadhiwa kwenye seva za Microsoft. Kuanzia hapo ungeweza kufuta diski kuu na kusakinisha upya bila namba yoyote. Mashine ikiingia mtandaoni, inatambuliwa. Novemba 2015 mambo yakarahisishwa zaidi: namba ya Windows 7, 8 au 8.1 ikakubaliwa moja kwa moja.

Kwa mtu wa mitumba hii ilikuwa habari njema kuliko zote. Kompyuta kutoka ng'ambo, diski tupu, CD hakuna, kibandiko kimefutika, na bado iliweza kujiidhinisha kama ilikuwa imeshaboreshwa, kwa sababu madabodi ndiyo daftari. Mtu wa tatu amekumbukwa!

Ila angalia daftari linakaa wapi. Ofa ilitakiwa kuisha Julai 2016, lakini zile namba za zamani ziliendelea kukubaliwa miaka mingi. Kisha Septemba 2023 Microsoft ikatangaza kwamba mlango umefungwa. Flopi ya 1992 ikioza, imeozea kabatini mwako. Namba hizi hazikuoza, mwenye duka ndiye aliyebadili mawazo.

Na Windows 11, iliyotoka 5 Oktoba 2021, ni bure kwa mwenye Windows 10, lakini chupa imebadilika tena. Sasa swali si kama ulilipa. Swali ni kama una chipu ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha, ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha 8 isipokuwa chache. Muda wa msaada wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye leseni halali kabisa na prosesa ya kizazi cha 6 imeambiwa chupa yake haipokelewi. Mnaojua maduka ya mitumba ya kompyuta Nairobi mnajua mashine za aina hiyo ni nyingi kiasi gani.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tunaotumia: punguzo la programu hulipwa kwa ushahidi. Piga picha kibandiko cha leseni kabla hakijafutika, na uandike namba mahali pawili. Ukiuza kompyuta, mpe mnunuzi karatasi zake.

Pili, sisi tunaoandika programu, maana nasi tunauza matoleo mapya kwa wateja wa zamani. Kabla ya kuandika ukaguzi wako, jiulize ni nani atakayeshindwa kuupita ingawa amelipa. Ni mwenye diski iliyokufa, mwenye mashine ya mkono wa pili, mwenye intaneti ya kubahatisha. Huyo ndiye mteja wetu wa kawaida hapa. Kipimo cha ukaguzi mzuri ni kumtambua yeye upesi, kwa sababu mjanja atapita tu. Vista ilituonyesha hilo mwaka 2007, na alama ile moja ya Windows 7 ikarudia somo.

Kwa kulinganisha, kati ya 2005 na 2011 mradi wa Ubuntu ulikuwa ukituma CD zake bure kwa posta popote duniani. Ukitaka toleo jipya, ulisakinisha jipya, hata kwenye diski tupu. Hakuna kisakinishi kilichowahi kumuuliza mtu chupa. Si kila mmoja wetu anaweza kufanya biashara hivyo, na bili lazima zilipwe. Lakini ni vizuri kukumbuka kwamba lile swali la mlangoni halikuwa sheria ya kompyuta. Lilikuwa uamuzi wa muuzaji, na muuzaji anaweza kuchagua kuliuliza kwa adabu.

Haya, mpaka wakati mwingine. Tunzeni chupa zenu.